Mrejesho wangu: baba kupigwa picha ya mishipa ya moyo na kuwekewa stenti Dar

Naanza na nyota kabisa ili asiye na muda asome hapa tu. Kazi yenyewe ya kupiga picha mishipa ya moyo na kuzibua kwa stenti (kijiwavu cha chuma kinachoachwa ndani ya mshipa uliobana) naipa nyota tano. Maelezo tuliyopewa kabla na wakati wa kazi nyota tano tena, na ndo sababu kubwa naandika. Maelezo ya dawa siku ya kuruhusiwa nyota mbili. Namna ndugu wanavyoachwa benchi bila taarifa nyota moja. Jina la hospitali sitaji, ni ya hapahapa Dar, nimeamua hivo kwasababu nitasifia na kulalamika humohumo na ninachotaka mtu achukue ni huduma yenyewe ikoje na aulize nini akifika huko.

Baba ana miaka 63, mfanyabiashara wa machungwa Muheza, yaani anazunguka mashambani mwenyewe, anahesabu, anapakia fuso, anakuja nayo Dar. Kisukari mwaka wa kumi na moja, presha ipo, sigara alivuta ujana wote akaacha alipozaliwa mdogo wetu wa mwisho. Mwaka juzi akaanza kulalamika anaungulia. Kuna kilima cha kutoka shamba moja la upande wa Amani, akipanda anafika katikati anasimama, anaweka ngumi kifuani anasema gesi hiyo, anasubiri dakika nne tano inaachia, anaendelea na safari. Zahanati wakampa dawa za vidonda vya tumbo, dozi ikaisha wakaongeza nyingine, ikaisha hiyo nayo wakampa ya maji. Miezi mitano baba anatibiwa tumbo.

Mimi sio dokta ila hili nimelielewa kwa uchungu na naomba mlielewe: gesi haisubiri mtu apande kilima. Kifua kinachobana ukitembea na kuachia ukisimama, kinabana tena palepale ukianza kupanda, hiyo inaonyesha msuli wa moyo unadai damu na damu haifiki ya kutosha. Ukiwa umekaa moyo unatumia kidogo, mshipa uliobanwa unatosha, ukipanda kilima moyo unataka mara mbili tatu yake na mshipa hauwezi. Kwa baba kilikuwa kinabana katikati ya kifua, kinapanda mpaka kwenye taya, na alikuwa anasema jino linauma tukamng'olea kabisa jino zima. Wengine inakuja mkono wa kushoto, wengine mgongoni, na wanawake na wenye kisukari wengi hata maumivu hamna, ni kuishiwa pumzi na kuchoka tu kusikoeleweka.

Nikamleta Dar. Kliniki ya kwanza wakampima ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ile ya kubandika waya kifuani, karatasi ikatoka safi, tukaambiwa moyo mzima rudini nyumbani, mama akamshukuru Mungu kwenye simu mpaka akalia. Wiki mbili baadaye baba kasimama tena kwenye kilima. Safari hii shangazi akasema mpelekeni kwa dokta wa moyo, sio dokta wa kila kitu.

Huyu dokta wa pili alikuwa kijana, akaamkia, "Shikamoo mzee," akamsikiliza baba mpaka mwisho bila kumkatisha, alafu akaishika ile karatasi ya ECG akamuuliza, "Mzee wangu, hapa ulipolala kitandani wakati wanakupima kifua kilikuwa kinabana?" Baba akasema hapana. "Basi na karatasi imeandika ukiwa umelala." Kwisha. Sentensi moja ikatuondolea miezi mitano ya kubishana. ECG ya mtu aliyepumzika inaweza kuwa safi kabisa na mshipa umeziba asilimia tisini, inakamata shambulio linapotokea au kovu la shambulio lililopita, haikamati mshipa mwembamba uliotulia.

Akaagiza vitu vitatu. Damu, ile ya kolestro, sukari ya miezi mitatu na figo. Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, inaonyesha moyo unavyodunda na kama kuna sehemu ya ukuta imezubaa, ya baba ilikuwa inadunda vizuri, dokta akasema hiyo ni habari njema maana msuli bado haujafa. Na kipimo cha kutembea kwenye mashine, unabandikwa waya, mkanda unaanza polepole alafu kila dakika tatu unaongezwa kasi na mwinuko. Baba alifika dakika ya tano na kidogo. Nilikuwa nimesimama pembeni naangalia monita, sijui kusoma ile mistari lakini niliona kabisa mstari ulivyobadilika, kile kipande cha baada ya mlima mrefu kikashuka chini kama kimelegea, na hapohapo baba akaweka ngumi kifuani. Nesi akasimamisha mashine, akampulizia dawa chini ya ulimi. Dokta akamwambia sasa tumekipandisha kile kilima chako hapa hapa ofisini.

Baada ya hapo akasema apitishiwe mrija kwenye mshipa wa damu mpaka kwenye moyo, mishipa ipigwe picha. Watu wananiuliza kwanini hawakumpiga CT ya moyo tu, ile picha ya eksirei ya kompyuta, kuliko kuingiza mrija mwilini. Nililiuliza hilohilo. Kuna mama tulikaa naye benchi moja siku mbili, yeye ana miaka 48, maumivu yake yanakuja ovyo, akiwa amekaa, akiwa anaosha vyombo, hayafuati mwendo. Yeye wakampeleka CT, wakampa kidonge cha kupunguza mapigo yafike kwenye sitini hivi maana moyo ukikimbia picha inatoka na ukungu, wakamchoma dawa ya rangi mkononi, akabana pumzi sekunde chache, jioni akaambiwa mishipa yake misafi. Akarudi kwao bila kuguswa kwa mrija wowote. CT ni nzuri sana kumwondolea mtu wasiwasi pale uwezekano ni mdogo au wa kati. Kwa mtu kama baba, mwenye kisukari miaka kumi na moja na dalili zilizonyooka na kipimo cha mashine kimeshasema, CT ingethibitisha tu kitu kinachojulikana, na chokaa ikiwa nyingi kwenye mishipa ile picha inang'aa kupita kiasi mpaka njia yenyewe haionekani vizuri. Na CT haizibui. Tungerudi kwenye mrija tu.

Tukapangiwa tarehe ya mrija, tukawa tunasubiri kibali cha bima. Kabla tarehe haijafika, usiku mmoja nyumbani kwangu Tabata baba amekaa anaangalia taarifa ya habari kifua kikabana. Amekaa. Hajapanda chochote. Jasho likamtoka mpaka shati likalowa na feni inazunguka. Wale dokta walikuwa wametuambia wazi, ikija ukiwa umepumzika au ikizidi dakika kumi na tano usisubiri tarehe, na tafuna aspirini, tafuna sio kumeza, miligramu 300. Tukamtafunisha tukaita teksi. Hospitali wakapima troponini, ile protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukianza kufa, wakairudia tena baada ya masaa, zote mbili zikawa chini. Kwahiyo msuli ulikuwa haujafa lakini mshipa ulikuwa umeanza kubadilika. Akalazwa, tarehe ikafutwa, akawekwa kwenye orodha ya kesho yake. Nafikiri sana ule usiku ungetukuta Muheza ingekuwaje, kilomita zaidi ya 300 mpaka Dar, wakati shambulio kamili la moyo linatakiwa mshipa uzibuliwe ndani ya dakika 90 toka umefika hospitali yenye mtambo wa kuzibulia, na ukiwa mbali na mtambo upewe sindano ya kuyeyusha donge la damu mapema iwezekanavyo, baada ya masaa 12 faida yake inakuwa ndogo. Aliye mkoani ajue mapema hospitali ipi karibu yake ina ECG na ile sindano. Aulize leo akiwa mzima.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi nesi akapitia orodha na sisi: mzio wa dawa, figo zikoje (ile dawa ya rangi ina ayodini na figo ndo zinaibeba, kwahiyo kreatinini, kipimo cha damu cha figo, lazima iangaliwe, akawekewa dripu ya maji), metformini, dawa yake ya sukari, ikasimamishwa, fomu ya ridhaa ikasomwa kwa Kiswahili neno kwa neno. Hatari zikatajwa bila kufichwa, kutokwa damu, kiharusi, mshipa kuchanika, kifo kwa wachache sana. Mama alitaka kutoka nje wakati hayo yanasomwa, baba akamshika kanga akamwambia kaa hapa usikie na wewe.

Akaingizwa saa nne. Hapa ndo ile nyota yangu moja. Saa nne mpaka saa sita na nusu tumekaa benchi mimi, mama na kaka, mlango unafunguliwa unafungwa, watu wanapita na mavazi ya kijani, hakuna hata mmoja anayesema mzee wenu anaendelea vizuri. Kumbe kabla ya baba kulikuwa na mgonjwa wa dharura, ye baba alianza saa sita. Tungeambiwa hivo tu, sentensi moja, mama asingekaa masaa mawili anahesabu tasbihi huku anatetemeka. Uongozi wa hospitali yoyote yenye mtambo huu, wekeni mtu mmoja wa kuongea na ndugu. Mashine mmenunua kwa mabilioni, mtu wa kuongea ni mshahara mmoja.

Saa sita na nusu dokta akatoka mwenyewe akaniita mimi na kaka, akatuingiza kwenye chumba chenye kioo, ng'ambo ya kioo baba amelala kwenye kitanda chembamba, macho wazi, mkono wa kulia umenyooshwa. Hawakuwa wamempitishia pajani, walipitishia kwenye kifundo cha mkono, pale unapopimia mapigo, ganzi kidogo alafu mrija wa unene wa milimita mbili hivi unasafiri kwenye mshipa mpaka kwenye mlango wa mishipa inayolisha moyo. Mgonjwa haoni maumivu ndani maana mishipa yenyewe haihisi ule mrija. Kwenye kifundo cha mkono damu ni rahisi kuzuia na mtu anakaa siku hiyohiyo, pajani unalala chali masaa.

Akatuchezea video. Wanapiga dawa ya rangi kwa mkono, sekunde mbili tatu, na mishipa inatokea myeusi kwenye skrini ya kijivu, inacheza na mapigo, matawi yanagawanyika kama mti wa mwembe ukiuangalia jioni jua limezama nyuma yake, alafu rangi inasombwa na damu mti unapotea. Mara ya kwanza sikuona kitu, nilikuwa namwangalia baba tu. Akairudia polepole akaisimamisha. Ule mshipa mkubwa wa kushoto unaoshuka mbele ya moyo, unaolisha sehemu kubwa kuliko mingine, umekuja mnene, alafu ghafla ukawa uzi, sentimita mbili hivi, alafu ukanenepa tena. Asilimia tisini. Kaka akashika kichwa. Dokta akafungua spika akamwambia baba, "Mzee, tumeiona gesi yako."

Na baba alikuwa na skrini yake upande ule, naye anaona. Akasema, "Hapo ni kama barabara ya Amani masika, fuso linapita upande mmoja tu." Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi ya ule ugonjwa kutoka kwa mtu yeyote.

Sasa kulikuwa na tatizo la pili, mshipa wa kulia nao ulikuwa na pahala pamebana, kwa macho asilimia sitini hivi. Nikajua watazibua yote miwili. Dokta akasema huo wa pili tunaupima kwanza. Nakiri kwa moyo wote kwamba nilimfikiria vibaya, nikaona wanapunguza kazi, bima imekubali stenti moja basi wanatuachia bomu ndani. Akanieleza wakati wanaandaa vifaa: macho yanadanganya kwenye vizuizi vya katikati, mshipa unaweza kuonekana umebana na bado damu inapita ya kutosha. Wanapitisha waya mwembamba kuliko theluthi mbili ya milimita, una kipima mgandamizo kwenye ncha, wanaupitisha mpaka ng'ambo ya kizuizi, wanampa dawa ya kufungua mishipa midogo ili damu ikimbie kwa nguvu kama vile anapanda kilima, alafu wanalinganisha mgandamizo wa mbele na wa nyuma ya kizuizi. Ikisoma 0.80 kushuka chini, kizuizi kinanyima moyo damu. Juu ya hapo, dawa za kumeza zinatosha na stenti haimwongezei kitu isipokuwa chuma mwilini. Tukasimama tunaangalia namba. 0.91, 0.88, ikatulia 0.86. Akasema huo tunauacha.

Nimeandika haya yote kwa kirefu kwasababu ya hapa. Ile namba ndo ilinifanya niwaamini. Mtu anayetaka kuuza stenti asingepima, angeweka mbili, mimi ningesaini, bima ingelipa na ningemshukuru.

Ule wa kushoto wakauzibua. Waya ukapita kizuizi, puto dogo likafuata likajazwa kutanua njia, alafu stenti, kijiwavu cha aloi ya kobalti na kromu kilichobanwa juu ya puto lingine, kipana milimita 3 kikifunguka, kirefu milimita 28. Puto linajazwa kwa mgandamizo wa kama mara 12 mpaka 16 ya hewa ya kawaida, tairi la gari dogo ni kama mbili na ushee. Kabla hajajaza akamwambia baba, mzee kwa sekunde ishirini kifua kitabana, ni mimi, usiogope. Kikabana kweli, baba akakunja uso, puto likatolewa upepo, kikaachia. Video ya mwisho wakaweka pembeni ya ile ya kwanza. Pale palipokuwa uzi pamekuwa mto. Na matawi madogo ambayo mwanzo hatukuyaona kabisa yalikuwa yamejitokeza mpaka kwenye ncha ya moyo. Mama aliitwa akaonyeshwa naye, akaigusa ile skrini kwa kidole.

Nimesoma sana baada ya pale. Mtu wa kwanza kuzibuliwa mshipa wa moyo kwa puto akiwa macho ilikuwa Zurich, Uswisi, tarehe 16 Septemba 1977, dokta Andreas Grüntzig, yule aliyekuwa anatengeneza maputo yake kwenye meza ya jikoni nyumbani kwake, na mshipa aliouzibua ni huohuo wa mbele kushoto kama wa baba. Stenti ya kwanza ya moyo ni 1986, Ufaransa. Shida ya puto tupu ilikuwa mshipa unajikunja tena, na shida ya stenti tupu ilikuwa kovu kuota ndani yake, kati ya watu mia ishirini mpaka thelathini walirudi. Ndo zikaja hizi zenye dawa kuanzia 2002 na 2003, dawa inatoka kidogokidogo miezi kadhaa kuzuia kovu, na sasa hivi wanaorudi ni wachache. Na kwetu huku, mpaka miaka ya karibuni mtu wa Muheza kufanyiwa hii ilikuwa ni kuombewa kibali cha kupelekwa India. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili imeanza kama taasisi inayojitegemea 2015. Baba alikuwa anauza machungwa miaka ishirini kabla ya hapo, angeugua wakati ule sijui tungeanzia wapi.

Wale wanaosema stenti ni biashara, nawajibu kwa heshima. Mko sahihi nusu. Kuna tafiti kubwa mbili, COURAGE ya 2007 yenye wagonjwa 2,287 na ISCHEMIA iliyotolewa matokeo 2019 yenye wagonjwa 5,179, zote zimeonyesha kwa mtu ambaye ugonjwa wake umetulia, stenti juu ya dawa nzuri haikuongeza uhai kuliko dawa nzuri peke yake, ilipunguza kubanwa na kumrahisishia maisha. Kwahiyo mtu hana dalili, kapimwa "chekapu", kaambiwa mshipa una asilimia sitini alipie stenti leoleo, huyo ana haki ya kusema subiri nipate maoni ya pili. Lakini mtu mwenye shambulio, au kama baba ambaye kilianza kubana akiwa amekaa, hao ni habari nyingine, hao ndo mrija unaokoa. Na mwenye kisukari mishipa mikubwa mitatu yote ikiwa imeziba, upasuaji wa kufungua kifua na kupachika mishipa mipya unamfaa zaidi kuliko kujaza stenti, hili nalo tuliambiwa kabla, kwamba tukikuta hivo tutatoka bila kuzibua tuje tukae na dokta wa upasuaji. Swali la kuuliza ni hili: hii stenti ni ya kuokoa maisha, ya kuondoa maumivu, au ya kuondoa wasiwasi wenu? Dokta mzuri hakasiriki.

Baada ya hapo baba alifungwa bangili ya plastiki yenye puto la hewa kwenye kifundo cha mkono, wakawa wanapunguza hewa kidogokidogo kila baada ya muda, akanywa maji mengi kusafisha ile rangi, jioni akala wali, kesho yake mchana akaruhusiwa.

Na hapa ndo nyota mbili. Tuliruhusiwa haraka, nesi akatukabidhi mfuko wa dawa na karatasi ya masaa ya kumeza. Hakuna aliyekaa na sisi kusema katika hizi sita, hizi mbili msithubutu kukatisha. Aspirini na klopidogreli, zote mbili zinazuia damu isigande kwenye ile stenti mpaka ukuta wa mshipa uifunike, kwa kesi kama ya baba miezi kumi na mbili, baadaye inabaki aspirini. Mwezi wa tatu toka awekewe stenti baba jino jingine likamuuma (safari hii jino kweli), akaenda kwa daktari wa meno huko, akaambiwa aache zote mbili siku saba ndo aje kung'oa. Bahati baba ananipigia simu kwa kila kitu. Nikapiga kwa dokta wetu usiku, akanijibu hata sijamaliza, asiache hata siku moja, stenti ikiziba ghafla ni shambulio la moyo na wengi hawafiki hospitali, jino ling'olewe na dawa zikiendelea, damu itachelewa kukata tu, wabane na pamba. Akang'olewa hivohivo, alibana pamba nusu saa, kwisha. Lakini hilo lilitakiwa liandikwe kwa wino mwekundu juu ya karatasi ya kuruhusiwa, sio nilijue mimi saa nne usiku kwenye simu.

Hela. Kiasi sikiandiki maana kinabadilika kwa idadi na aina ya stenti na bima uliyonayo, ila jipangeni kwa kitu ambacho hakuna anayekutajia, dawa za kila mwezi. Stenti ni mara moja, dawa ya kolestro ni maisha. Na ule mshipa wa kulia tuliouacha unategemea hiyohiyo dawa ya kolestro, presha, sukari. Kuna mwezi duka la kwetu lilikosa klopidogreli nikaituma kwa basi. Nunueni ya miezi miwili mbele.

Ombeni CD ya picha zenu. Sisi tuliomba, tukapewa na kadi ndogo ya stenti yenye namba, kipimo na tarehe, hiyo baba anatembea nayo kwenye pochi pamoja na kitambulisho. CD iko kabatini kwa mama imefungwa kwenye kitenge. Ikitimia miezi kumi na mbili toka stenti tunarudi Dar waamue kuhusu klopidogreli na waangalie ule wa kulia umefikia wapi, tutaenda nayo. Juzi alikuwa shamba lile la Amani, kanipigia video toka juu ya kilima, anahema kawaida tu ya mtu aliyepanda, nyuma yake vijana wanapakia fuso, na kabla sijasalimia akainua kikopo cha dawa kwenye kamera nikione.